Bujumbura kwa baiskeli: tulivyojifunza kuruka mitaro

Mwezi huu tunawapeleka Bujumbura, maana vijana wengi waliozaliwa kambini wanatuuliza: mji ule ukoje? Sisi tuliokulia Buyenzi tutawaonesha kwa njia tunayoijua, njia ya baiskeli. Kwa Kirundi tunaiita ikinga.

Bujumbura, zamani Usumbura, imekaa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Chini ni tambarare. Ukipanda barabara ya Bugarama, kilomita kama 35, unafika zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na baridi inakupiga. Huko ndiko vijana wanateremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, mbio kama gari, halafu wanapanda tena wameshikilia lori kwa nyuma. Hilo la kushika lori msiige, linaua watu.

Sasa maji ya milima hiyo lazima yapite mjini yaende ziwani. Mto Ntahangwa umekula kingo zake mpaka nyumba za watu zikaanguka. Mitaani kuna mitaro. Buyenzi avenyu zimenyooka na zina namba, na magereji ni mengi, kwa hiyo njiani unakuta mtaro, jiwe, shimo, kipande cha chuma. Mwenye baiskeli ana mawili tu: kushuka kila mara, au kujua kuruka.

Tulianza na mstari tuliouchora mchangani, si mtaro. Unakwenda polepole, unasimama juu ya pedeli, miguu miwili sawasawa, moja isiwe chini. Unainama kidogo, magoti na viwiko vimekunjwa, kama mtu anayetaka kuruka kwa miguu yake. Hapo unajivuta nyuma pamoja na usukani, gurudumu la mbele linainuka. Likishainuka unasukuma usukani mbele na kukunja miguu, na la nyuma linafuata. Ukitua, magoti yawe laini. Ukikaa kwenye kiti, uzito wote unashukia ringi ya nyuma, inapinda.

Baada ya mstari tuliweka kitambaa, halafu kipande cha mgomba, kwa sababu mgomba ukiugonga hauumizi. Jiwe lilikuja mwisho kabisa. Zile baiskeli nyeusi za mzigo ni nzito, hazirushwi juu sana. Inatosha kuinua la mbele, kisha kusogeza mwili mbele ili la nyuma lipite jepesi. Na kila asubuhi breki kwanza, cheni, halafu tairi.

Lakini wazee wa mtaa walitufundisha jambo kubwa zaidi: ukiwa na mtu kwenye keria, huruki. Machi 1995 vita vilipoingia Bwiza na Buyenzi, watu wengi walikimbilia Uvira kwa barabara ya Gatumba. Sisi tulibeba wadogo zetu nyuma. Kila penye mtaro tulishuka, mmoja akashika usukani, mwingine akamshika mtoto, tukavuka taratibu, ingawa roho ilikuwa inatuambia turuke. Haraka ilikuwepo, lakini mtoto akianguka mtaroni, haraka hiyo ingetufaa nini?

Ndugu mtakaorudi, mjue pia kwamba mambo yamebadilika. Machi 2022 serikali ilizikataza baiskeli, pikipiki na tuk-tuk kuingia katikati ya mji. Watu wengi waliokuwa wanalisha familia kwa baiskeli walilazimika kubaki mitaa ya pembeni. Kwa hiyo kabla hujauza mbuzi ununue baiskeli ya kazi Bujumbura, uliza kwanza walioko kule: inapita wapi, haipiti wapi?

Wazazi, tunajua mnaogopa magoti ya watoto yakichubuka. Tunaomba muwaache wajifunze kwenye mchanga, mbali na barabara ya malori, mkubwa mmoja akiwaangalia. Wasichana nao wapewe zamu, maana mtungi wa maji na mgonjwa wa kupeleka hospitali havichagui mvulana wala msichana.

Mbaki salama, na Mungu awalinde. Tuonane mwezi ujao.