Tulivyojifunza Kuandika kwa Saa

Wengi huleta hapa habari za wana wao waliofaulu. Sisi leo twaleta habari zetu wenyewe, wala si za kujisifu.

Zamani, katika shule ya misheni, tulifanya mtihani wa kidato cha nne tukaanguka katika Kiswahili. Jambo hili hatukulitangaza, kwani kila Jumapili hapa Temeke twasimama mbele ya watu tukinena kwa Kiswahili hicho hicho. Hata umri wetu ulipopita miaka arobaini, tukaona haya kuwahimiza vijana wa mafundisho wasome. Basi tukajiandikisha tuwe watahiniwa wa kujitegemea.

Wazee wetu walitungiwa mitihani ya namna hii Cambridge, ng'ambo. Nchi yetu ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Lakini saa haijali nani aliyetunga maswali.

Karatasi ya Kiswahili ni ya saa tatu, na insha huja mwishoni, baada ya maswali mafupi. Hapo ndipo tulipoangukia. Tuliandika utangulizi wa kurasa mbili, tukaanzia kuumbwa kwa ulimwengu, tukasikia "Kalamu chini!" nasi hatujaigusa hoja ya kwanza.

Safari hii mama watoto alitundika saa ukutani, karibu na meza anapokandia unga wa maandazi ya kuuza. Akasema, "Baba, unga wangu ukiumuka, kalamu chini." Akatupa kichwa cha habari: faida za maji safi. Unga ukaumuka sisi tungali tunamsalimu msomaji. Akaisoma kazi yetu, akacheka: "Mbona maji yenyewe bado hayajachotwa?"

Tangu jioni ile tukajifunza kutumia dakika tano za kwanza kuandika hoja pembeni, kila hoja kwa neno moja. Kisha aya moja kwa kila hoja, na hitimisho la mistari michache. Kuandika hakukutushinda. Kazi ngumu ilikuwa kuiacha sentensi nzuri isiyohitajiwa, hasa kwa mtu aliyezoea kuhubiri bila kukatizwa na mtu.

Siku ya mtihani, mwezi wa Novemba, tulipofika mlangoni kijana mmoja wa mafundisho yetu akasema, "Shikamoo, mwalimu," akidhani tumekuja kusimamia. Tukaitikia marahaba, tukaenda kuketi dawati la nyuma yake. Alipogeuka akatuona, tulitamani sakafu ipasuke.

Kwenye insha mkono ulitetemeka. Methali moja tuliyoipenda sana tukaiacha, ingawa ilituuma. Msimamizi alipotangaza nusu saa imebaki, tulikuwa na hoja moja tu. Tukamaliza zikiwa zimesalia dakika nne. (Matokeo yalipotoka tulipata C, tusiwafiche.)

Nje kijana yule akauliza, "Mwalimu, umemaliza?" Tukasema tumemaliza. Akainamisha kichwa: "Mimi insha ya pili sikuifikisha."

Mtihani wa Kiingereza ulikuwa bado mbele yake. Jioni ile akaja kwetu na daftari. Mama watoto akamsogezea kiti chini ya saa, akaanza kukanda unga.