Shahada ya Usiku

Siku ya kwanza naingia ukumbi wa mihadhara, kijana mmoja aliinuka akanipisha kiti. "Shikamoo." Nikaitikia. Akaniuliza kama nitawapa desa leo au wiki ijayo. Nilipomwambia kwamba na mimi ni mwaka wa kwanza, sheria, kama yeye, alicheka mpaka akashika tumbo, akaomba radhi, kisha akaendelea kuniamkia hivyo hivyo mpaka leo. Nilikuwa na miaka 31. Darasa likanipa jina: Mzee.

Sikuchelewa kwa kupenda. Kidato cha sita nilifaulu, lakini mkopo ulinipita, na baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikaenda kuuza misumari, nondo na mabati kwenye duka la mtu. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu, nikusanye ada. Ule mwaka mmoja ukazaa mingine kumi.

Kwa hiyo mtanisamehe kama mwezi wa kwanza wa chuo nilikuwa silali. Wenzangu wa chumba wakishaanza kukoroma, mimi nilikuwa nashika simu kutafuta watu waliosoma wakiwa wakubwa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba sijachelewa. Hapo ndipo nilipokutana na Robert Byrd, seneta wa Marekani kutoka jimbo la West Virginia.

Huyu mzee alizaliwa mwaka 1917 huko North Carolina, na jina lake halikuwa Byrd. Aliitwa Cornelius Calvin Sale, kama baba yake. Hajatimiza hata miaka miwili vizuri, homa kubwa ya mafua ya 1918 ikamchukua mama yake. Watoto wakagawanywa kwa ndugu. Yeye akachukuliwa na shangazi yake na mumewe, Titus Byrd, mchimba makaa ya mawe, wakampa jina jipya na kumlea kwenye makambi ya wachimbaji. Mpaka anakuwa kijana wa miaka 16 hivi hakujua kwamba wale si wazazi waliomzaa.

Shule alikuwa moto. Mwaka 1934 alimaliza sekondari akiwa wa kwanza katika darasa lake. Halafu basi. Ilikuwa miaka ile ya mdororo mkuu wa uchumi, na pesa ya chuo haikuwepo. Akafanya kazi kituo cha mafuta. Akakata nyama buchani. Akaoa binti wa mchimba makaa mwenzao. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akajifunza kuchomelea vyuma, akaenda kujenga meli bandarini Baltimore na Tampa. Alipiga fidla pia, na alipoanza siasa mwaka 1946 alizunguka nayo kwa wapiga kura.

Akawa mbunge wa jimbo lake, kisha mwaka 1953 akaingia Baraza la Wawakilishi kule Washington, na mwaka 1959 akawa seneta. Na digrii bado hana. Masomo ya chuo aliyachukua kwa vipande, huku na kule, bila kumaliza. Akiwa tayari mbunge ndipo akaanza kusoma sheria usiku. Mchana anatunga sheria, usiku anakaa darasani na vijana kujifunza sheria ni nini. Ilimchukua miaka kumi hivi.

Tarehe 10 Juni 1963 alihitimu pale American University. Mgeni rasmi alikuwa Rais John F. Kennedy, aliyekuja kutoa hotuba na kupewa shahada ya heshima. Kennedy aliwatania waliohudhuria kwamba Byrd amesotea shahada yake kwa miaka mingi ya masomo ya usiku, na yeye anaipata yake ndani ya nusu saa. Byrd hakuishia hapo. Mwaka 1994, akiwa ameshavuka miaka 75, alipata hata ile digrii ya kwanza aliyoikosa ujanani, kutoka Marshall University.

Jamani, nilimpenda yule mzee. Niliweka picha yake kwenye kioo cha simu. Mtu akiniita Mzee, namwonyesha: "Huyu ndiye mzee. Mimi bado kijana."

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Muhula wa pili, mitihani inakaribia, majina ya wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya ada yakabandikwa ubaoni. Darasani kwetu walikuwa kumi na mmoja. CR wetu akapitisha karatasi ya kuomba wafanye mtihani kwanza, walipe baadaye. Watu wakasaini mpaka mstari ukajaa, wakaendelea nyuma ya karatasi. Ilipofika kwangu nikaipitisha mbele bila kusaini.

Wakaniuliza, Mzee vipi? Nikasimama, nikatoa hotuba. Nikasema mimi nilikaa dukani miaka kumi na moja natafuta ada, hakuna aliyenisainia karatasi. Nikasema Robert Byrd alisubiri tangu 1934 mpaka 1963 na hakulialia. Nao wasubiri. Elimu ni kujituma. Nilijiona nimeongea vizuri sana, na wengine walipiga makofi.

Jioni kwenye kikundi chetu cha majadiliano, dada mmoja ambaye huwa haongei sana aliniuliza, "Kaka, huyo Byrd wako, hiyo digrii alipoipata aliifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari zake mpaka kwenye joho nikafunga ukurasa, kama mtu anayeondoka uwanjani timu yake ikishatangulia kufunga. Nikamwambia nitamletea jibu kesho.

Usiku ule nikasoma kilichobaki. Mwaka 1964 Seneti ilikuwa na muswada wa Haki za Kiraia, wa kukomesha ubaguzi wa rangi mahotelini, kwenye migahawa, makazini. Wapinzani wake walitumia mbinu ya kuongea bila kukoma ili muswada usifike kwenye kura. Byrd alisimama jioni ya tarehe 9 Juni, akaongea usiku kucha kuupinga, saa 14 na dakika 13. Alipokaa chini ilikuwa asubuhi ya tarehe 10 Juni 1964.

Niliirudia ile tarehe mara tatu. Ni mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu avae joho. Siku hiyo hiyo Seneti ilipiga kura kufunga mjadala, na baadaye muswada ukapita, kwa hiyo saa zake 14 hazikuuzuia. Lakini alikuwa amezitoa.

Nikaendelea kurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, kabla ya siasa, Byrd aliandikisha watu wa eneo lake kuunda tawi la Ku Klux Klan, akawa kiongozi wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkubwa mmoja wa Klan ndiye aliyemwambia kwamba ana kipaji cha uongozi na aingie kwenye siasa. Hapa ndipo niliposhindwa kuendelea kwa muda. Kijana yatima, kichwa kizuri, hana ada, anakata nyama. Na wa kumwambia "wewe unaweza" anatoka Klan.

Ninachokiona mimi ni kwamba umaskini hauji na huruma ndani yake. Tunadhani aliyelala njaa atamjua mwenye njaa. Wakati mwingine anachojifunza ni kwamba yeye aliweza, basi asiyeweza ana kasoro. Byrd alijua kunyimwa chuo kunavyouma, na bado alisimama usiku kucha dhidi ya watu walionyimwa vingi kuliko yeye. Shahada ya sheria haikumzuia. Ilimpa maneno zaidi tu.

Na mimi kwa kidomo changu nilikuwa nimefanya vivyo hivyo darasani, kwa dakika tano.

Ili nimtendee haki: Byrd alibadilika. Alisema mara nyingi kwamba kujiunga na Klan lilikuwa kosa kubwa la maisha yake, na kura yake ya 1964 aliijutia. Mwaka 2008 alimuunga mkono Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, kugombea urais. Alipofariki Juni 2010, akiwa na miaka 92 na baada ya miaka 51 kwenye Seneti, muda ambao hakuna seneta mwingine aliyewahi kuufikia, Obama alikuwa miongoni mwa waliozungumza kwenye maombolezo yake. Inawezekana kubadilika. Lakini yeye alipewa muda mrefu wa kufanya hivyo. Wale kumi na mmoja walikuwa na wiki mbili.

Asubuhi nilimtafuta CR nikitaka kusaini. Akaniambia karatasi imeshapelekwa. Tisa waliruhusiwa. Wawili waliahirisha mwaka wakarudi nyumbani, na mmoja wao ni yule kijana aliyenipisha kiti. Sahihi moja pengine isingebadilisha kitu. Lakini ile orodha ipo mahali kwenye faili, na jina la Mzee wa darasa halimo.

Yule dada nilimpa jibu lake lote, la 1963 na la 1964. Akanisikiliza, akasema, "Sawa. Na wewe yako?"

Picha ya Byrd bado iko kwenye simu yangu. Nimebakiza mwaka mmoja nimalize. Yule kijana ameshaniandikia kwamba muhula ujao anarudi, na ujumbe wake, kama kawaida, ulianza na shikamoo. Nimemjibu marahaba, na nikamuuliza ada yake imepungua kiasi gani.