Sahani Mbili Awindiri

Wazazi na ndugu zangu wote wa Lobule, mwezi huu sitaandika juu ya mitihani wala juu ya usafi wa vyoo vya shule. Nataka kuwaeleza juu ya chakula nilichokula Awindiri, kule Arua mjini, na aibu niliyoila pamoja nacho.

Wengi wenu mnamkumbuka mwalimu mwenzangu wa P.2, yule aliyewafundisha watoto kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Jina silitaji, mwenyewe amenikataza. Kwa miaka mitatu tulishika darasa moja lenye watoto zaidi ya 100, yeye mbele kwenye ubao, mimi nyuma, tukipokezana kila sauti ya mmoja ilipokauka. Posho yetu ilipokatwa ikabaki nusu, mimi nilivumilia, yeye akaondoka. Hakuaga. Asubuhi ile watoto wakaniuliza, "Mwalimu yuko wapi?" Nikakosa jibu.

Basi maneno yakaanza pale bombani. Huyu anasema ameolewa na dereva, yule anasema eti anauza pombe. Na mimi, ndugu zangu, sikunyamaza. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema kwamba mwalimu anayewakimbia watoto hakuwa mwalimu tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya makofi yale.

Miezi minne ikapita. Siku moja simu ikalia, ujumbe umeingia: "Njoo Awindiri Jumamosi. Kuna hoteli mpya, nataka tule pamoja. Nauli nimetuma." Nikaangalia, kweli hela imeingia. Nilitaka kuirudisha. Mama yangu akasema, "Mtu akikuita kula, nenda. Sababu utaijua ukifika." Akanifungia karanga kidogo za shambani kwetu, nisiende mikono mitupu.

Kutoka Koboko mpaka Arua ni zaidi ya kilomita 50, njia ya lami. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Arua ilipata kuwa jiji Julai 2020, lakini mtaani Awindiri bado utakuta kuku barabarani na akina mama wenye mafungu ya nyanya chini. Niliuliza hoteli mpya iko wapi, kijana wa bodaboda akanionyesha kwa kidole. Ni nyumba ya matofali, meza nne, viti vya plastiki, pazia mlangoni, rangi bado inanuka. Nje pamewekwa ubao mweusi ulioandikwa vyakula vya siku ile kwa chaki.

Nikasimama pale pale. Ule mwandiko niliujua. Ile "a" yenye mkia mrefu, watoto wetu wote wa P.2 wanaiandika hivyo hivyo mpaka leo.

Mara akatoka jikoni, kitambaa kichwani, mikono ina maji. "Mwalimu!" akasema. "Mwalimu," nikajibu. Tukacheka, halafu nikakosa mahali pa kuweka macho.

Mimi nilidhani ananialika kama mteja. Kumbe anafanya kazi pale pale. Anafika alfajiri, anaosha sufuria, anamenya muhogo, mchana anapeleka sahani mezani. Analipwa kila Jumamosi. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili ili naye akae mezani ahudumiwe, na aliyetuhudumia alikuwa mama mwenye hoteli mwenyewe.

"Posho yako imeshafika?" akaniuliza. Nikamwambia bado, sasa mwezi wa pili. Mnajua hapa Uganda ukisema posho hotelini watakuletea ugali wa mahindi. Akacheka: "Hapa posho haichelewi hata siku moja. Lakini leo tule cha nyumbani."

Ikaletwa enyasa ya unga wa muhogo na mtama, inatoa moshi, na samaki angara katika mchuzi wa karanga, na mboga ya osubi pembeni. Sisi tuliotoka upande wa Aru hatuhitaji kufundishwa chakula hicho. Nikamega tonge la kwanza. La pili likakwama kooni. Niliwakumbuka wadogo zangu. Ninyi mnajua hesabu hii kuliko mimi: Aprili 2020 mgao ulishushwa ukawa asilimia 70, Februari 2021 asilimia 60, na mwaka 2023 tukagawanywa makundi, wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha. Mimi niko hapa, samaki mzima mbele yangu, nyumbani wamekula mara moja.

Akaniona. "Kula," akasema. "Cha nyumbani kimeshafungwa, kiko jikoni."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, mkutano, maneno yangu, hata makofi. Yeye akaendelea kuchambua miiba ya samaki polepole.

"Najua," akasema. "Niliambiwa siku ile ile. Mbona hukuniuliza kwanza?"

"Wewe hukuaga."

"Ningeaga niseme nini? Nilikuwa na deni la unga. Mwenye duka alikuja kunidai mpaka darasani, wewe umekwenda ofisini kuchukua chaki. Alinidai mbele ya watoto. Mmoja akatoa mia mbili mfukoni akaniletea." Akanyamaza. "Kesho yake sikuweza kusimama mbele yao."

Tulikaa kimya. Mama mwenye hoteli akavuta kiti, akakaa nasi. Alizungumza Kiswahili kama chetu kabisa. Nikamwuliza alikijifunza wapi. "Kwenu," akasema. Akatueleza kwamba baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, vita vilifika huku West Nile, na mwaka 1980 watu wakakimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Yeye alivushwa mpaka mgongoni kwa mama yake. Upande wa Aru mama yake aliosha sufuria za mwanamke mmoja, jioni anapewa chakula cha watoto. Walirudi nyumbani baada ya miaka.

"Mnaona kuosha sufuria ni kuanguka?" akatuuliza. "Mimi nimekuzwa na sufuria za watu."

Sikuwa na la kujibu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi katika nchi hii, na mimi ndiye niliyewasomea wazazi habari hiyo. Lakini mwenzangu alipoitumia, nikamwita mkimbiaji.

Kabla sijaondoka, mama yule akaniambia anatafuta mtu wa pili, ajuaye hesabu, ashike hela mchana. Mshahara alioutaja unazidi posho yangu, na unalipwa kwa wiki. Nikamwangalia rafiki yangu. Akanisindikiza mpaka kwenye taksi, akanipa kifurushi cha chakula na boksi moja la chaki. "Mwalimu," akasema, "usije kwa ajili yangu, wala usibaki kwa ajili ya makofi."

Usiku ule wadogo zangu walikula angara. Mama alikula akanyamaza, kisha akaniuliza, "Karanga alizipenda?"

Jumatatu niliwaambia watoto: mwalimu wenu yuko Arua, anapika, na kila asubuhi anaandika ubaoni. "Anaandika nini?" wakauliza. Nikawaambia anaandika bei ya samaki. Tukafanya hesabu ya sahani 2, kila moja ina vipande 3. Wakapata wote.

Ndugu wazazi, nilimsema vibaya mbele yenu, kwa hiyo namwomba msamaha mbele yenu. Aliondoka kwa sababu ya deni la unga, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyemwuliza. Nawaomba jambo moja. Mkivuna maharage, mkumbuke kwamba mwalimu wa kujitolea naye anapika jioni. Kikombe kimoja kutoka kila nyumba kingetosha.

Mimi nitamaliza muhula huu na watoto wenu. Baada ya hapo sijaamua. Nikiondoka, nitaaga. Na mkisikia maneno juu yangu pale bombani, niulizeni kwanza.

Ni mimi, mwalimu wenu wa P.2, Lobule.