Kope za Gari la Mjomba

Huku kwetu Muleba ukiona gari limeongezewa vipande vya bati au plastiki juu ya magurudumu, na nyuma linaning'iniza mipira mipana, utasikia vijana wakisema, "Huyo ana hela za kuchezea." Vitu hivyo huhesabiwa pamoja na stika za kioo cha nyuma na honi ya kuimba. Mashauzi, basi. Mimi nataka kubisha. Ni saidia fundi katika gereji moja ya bodi mjini Muleba. Kidato cha nne nilimaliza, riwaya sijamaliza. Katika kazi zote nilizokwisha kushika pale, hakuna iliyonifunza habari za watu kama hiyo ya kuongeza fenda na kufunga madigadi.

Kwanza tuelewane kwa maneno, ndugu msomaji, maana najua wengi wenu mko mjini na gari mnaliona likiwa limeoshwa. Fenda ni ule upande wa bodi unaolifunika gurudumu. Kipande kinachoongezwa ukingoni mwake ili kitokeze nje zaidi, sisi pale gereji tunakiita kope, kwa sababu kinakaa juu ya gurudumu kama kope juu ya jicho. Madigadi ni mipira inayoning'inia nyuma ya gurudumu.

Mjomba wangu anakaa Kimwani, kusini mwa wilaya yetu, upande wa ziwani. Ana Land Cruiser pikapu, zile tunazoziita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Aliinunua mnadani ikiwa imechoka. Gari hilo ndilo kila kitu pale. Asubuhi linabeba dagaa, mchana ndizi na buni, usiku mama mjamzito akizidiwa mjomba anagongewa mlango. Sijawahi kusikia amekataa. Nasema hili mapema ili nitakayosimulia mbele yasikufanye umwone mtu mbaya.

Barabara kuu ya kutoka Bukoba kwenda Biharamulo ni ya lami, inateleza vizuri. Ukiiacha na kuingia njia za ndani, habari inabadilika. Kilimani udongo ni mwekundu, mvua ikinyesha unaruka kama mchuzi. Bondeni ni mweusi, unanata kama ugali wa muhogo. Mvua zetu ni za misimu miwili, ila mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Nino zilipokuja juu ya vuli, tulikuwa tunakunywa chai ya tope na kulala kwenye tope.

Na mwezi huo huo ndipo mjomba alipobadilisha matairi.

Pikapu yake ilikuwa na matairi membamba ya 7.50R16, ambayo upana wake ni kama sentimita 21 hivi. Akaenda Mwanza, akarudi na 285/75R16 yaliyotumika kidogo, pamoja na rimu zake pana. Namba ile ya mwanzo, 285, ni upana wa tairi kwa milimita. Fanya hesabu mwenyewe: karibu sentimita 7 zimeongezeka, na kwa jinsi rimu zile zilivyotengenezwa, sehemu kubwa ya nyongeza ilitokea nje ya bodi. Gari lilisimama kama mtu aliyetanua miguu. Vijana walipiga miluzi. Fundi wangu alipoliona alitikisa kichwa, akasema, "Mzee, kwenye tope refu tairi jembamba linakata mpaka linagusa ardhi ngumu. Hili lako litaogelea juu juu." Mjomba akacheka. Alikuwa ameshalipa.

Sasa kuna jambo ambalo mtu aliyeko ndani ya gari halioni. Gurudumu likizunguka kwenye maji linayarusha nyuma na pembeni. Likiwa ndani ya fenda, fenda inayapokea na kuyaangusha chini. Likiwa nje ya fenda, hakuna wa kuyapokea. Yanaruka mpaka yampate mtu. Kioo cha dereva kitachafuka kidogo, ndiyo, na kioo cha pembeni pia. Lakini tope lenyewe hasa huangukia nyuma, mahali ambapo wewe umeshapita. Dereva anaondoka msafi na moyo mweupe.

Siku moja jua lilitoka saa nne, baada ya siku tatu za mvua. Nilikuwa nimempeleka mjomba filta ya dizeli, tukawa tunateremka pamoja kuelekea mwaloni. Kando ya njia, bibi mmoja anayeuza dagaa alikuwa amewahi jua. Alikuwa ametandaza nyavu kuukuu kwenye majani na kuanika dagaa wake, wanang'aa kama sindano. Mbele yake kulikuwa na dimbwi. Mjomba alipita wala hakukimbia, nakuapia. Nilimwona bibi anainua mkono, nikadhani anasalimia. Mjomba naye akainua mkono wake.

Kesho yake gari lilikuwa limeegeshwa dukani, watu wamejaa. Bibi akaja na beseni kichwani. Hakupaza sauti. Alilitua beseni juu ya boneti, akalifunua. Dagaa wote wamevaa udongo mwekundu.

"Waitu, mwanangu," akasema, "nimekuletea mboga."

Mjomba akasema, "Shikamoo mama. Mboga ya nini tena?"

"Ya kwako. Uliiunga mwenyewe jana."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akasema mtoto wake siku ile ile alirudishwa nyumbani njiani, shati jeupe la shule limekuwa la kahawia. Mwingine akasema jiwe lilimruka likampata kifundoni, akanyamaza kwa kuwa mwenye gari ndiye aliyempeleka mke wake hospitali. Hilo ndilo lililomchoma mjomba, nadhani. Watu walikuwa wanaoga tope lake na kunyamaza kwa sababu ya wema wake. Alilipa dagaa shilingi 40,000 papo hapo. Bibi alihesabu noti, akamrudishia beseni, maana kilicholipiwa ni chake.

Wiki hiyo hiyo gari lilikuja gereji. Mjomba alitaka madigadi tu. Tena alishachagua maandishi ya kuchorwa. Kope hakuzitaka, kwa kuwa fundi alimtajia bei ya bati, bolti, rangi na kazi ya siku mbili. Walibishana chini ya mwembe mpaka chai ikapoa. Fundi wangu si msemaji, akaona aonyeshe. Tulipanga karatasi za mifuko ya saruji kwenye uzio kando ya njia, mita mbili kutoka mahali gurudumu linapopita, tukamwaga ndoo nne za maji kwenye shimo. Tulifunga kwanza vipande vya mpira nyuma ya magurudumu, nikaendesha mimi. Tope la nyuma lilipungua sana. Karatasi za pembeni zilipigwa mpaka juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Fundi akamshika mjomba mkono, akamsimamisha pale zilipokuwa karatasi, akaniambia nirudie.

Mjomba alisema, "Weka hizo kope."

Nitaeleza kazi ilivyokwenda, maana huenda kuna msomaji mwenye mkonga au mwenye baba mwenye mkonga. Kope za dukani zipo, za plastiki na za faiba, ila kila moja ina umbo la aina fulani ya gari, na gari la mjomba limenyooshwa bodi mara nyingi hata kiwandani wasingelitambua. Tukakunja bati wenyewe kwenye bomba. Kabla ya kukata chochote tulizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, halafu tukaweka jeki chini ya ekseli upande mmoja, springi ikajikunja, gurudumu likapanda ndani ya fenda. Hapo ndipo unaona tairi litagusa wapi. Ukipima gari likiwa limesimama kwenye sakafu bapa umejidanganya. Siku linapita kwenye mashimo na mzigo, tairi litaitafuna kope na kope itaitafuna tairi. Tena lazima uache nafasi ya kutosha, kwa sababu tope jeusi la bondeni hujishindilia humo na likikauka linakuwa tofali.

Mjomba aliuliza kwa nini tusichomelee, si ndiyo imara? Fundi akasema ukichomelea unaunguza rangi ya ndani, mahali usipofika na brashi, na kutu itaanzia huko. Tulitoboa kwa drili, kila tundu tukalipaka redi oksaidi, tukafunga kwa bolti. Kati ya bodi na kope tukaweka utepe wa tyubu kuukuu ili maji na mchanga visikae humo. Ukingo wa nje tuliufunika kwa mpira wa bomba la maji tulioupasua kwa kisu, kwa sababu bati tupu linapita usawa wa goti la mtu. Hili la mwisho fundi alilifanya bila kuagizwa na hakulidai hela.

Madigadi tulimwendea fundi wa katambuga. Anajua kuchuna tairi la lori kuliko daktari anavyojua kupasua. Alitutolea vipande vinne, vipana kuliko tairi kidogo, vizito kiasi cha kutopeperushwa na upepo. Kuhusu urefu kulikuwa na mjadala tena. Ukiyaacha marefu, siku unarudi nyuma mwaloni gurudumu litayakanyaga na kuyang'oa. Ukiyafupisha hayana kazi. Tulipakia mifuko ya mchanga kwanza ili springi zilale kama zilivyo siku ya dagaa, kisha tukakata, ikabaki sentimita 20 kutoka chini. La upande wa bomba la moshi tulilisogeza, mpira usije ukaungua. Na tulihakikisha yote yako mbali na tairi, kwa sababu mpira ukisuguana na gurudumu unanuka njia nzima na mwishowe unaisha.

Uingereza kanuni za ujenzi wa magari za mwaka 1986 zinataka magurudumu yawe na kifuniko cha kupokea maji na tope. Wazungu wana lami karibu kila mahali na bado waliona hapana budi kuandika. Sisi ambao nusu ya nchi tunatembea kwa miguu kando ya njia tunaziita mashauzi.

Nimesema natunga riwaya, na wenzangu mnaotunga mtaniruhusu neno moja. Katika hadithi nyingi tunazosoma na tunazoandika sisi vijana, gari la tajiri "hupita kwa kasi likitimua vumbi", kisha mwandishi anaingia ndani ya gari na kukaa humo mpaka sura iishe. Aliyeachiwa vumbi hatumwoni tena. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kwa Kiswahili kitabu kikachapwa mwaka 1980. Mle hakuna kazi ya mikono inayopitwa haraka haraka. Kilimo, ujenzi, pombe, yote yanaelezwa mpaka mtu unaweza kuyafanya. Wapo wanaosema anachosha. Mimi naona ndiyo sababu watu wake wanaonekana. Sasa katika sura yangu ya tatu gari limepita, nami nimebaki na bibi kando ya njia, naangalia atakachofanya na dagaa. Sijui kama mchapishaji atapenda.

Kope hazikufanya miujiza, nisije nikawadanganya. Dimbwi likiwa refu maji bado yanaruka, na dereva asipopunguza mwendo hakuna bati litakalomsaidia. Digadi moja la nyuma lilishang'oka, mwaloni kama tulivyotabiri, mjomba akalifunga kwa waya wa uzio na limekaa hivyo mpaka leo. Matairi mapana aliyapenda mpaka Aprili, gari lilipoogelea kweli bondeni na kutolewa na trekta. Aliniuliza kimya kimya kama yale membamba bado yapo. Yalikuwa yameshauzwa.

Lakini mtoto wa shati jeupe anapandishwa nyuma ya pikapu asubuhi njia ikiwa mbaya, bure. Jiwe la kifundoni halijasimuliwa tena. Bibi alihamisha nyavu zake zikawa ng'ambo ya pili ya njia, mahali palipoinuka. Mjomba alipomwambia kwamba hana haja tena, kwamba gari sasa lina kope, alijibu kuwa la kwake lina kope, je, la nani jingine linalo?

Ana haki. Juzi tumeletewa mkonga mwingine hapa gereji, matairi yake mapana kuliko hata ya mjomba, yametoka nje kiganja kizima. Nilimwonyesha mwenyewe pale tope lilipopaka mlango mpaka kwenye kitasa. Akasema kope atazifikiria mwezi ujao. Kwa sasa tumfungie taa sita za juu.