Kazi ya Uchungu

Mama yangu alikuwa mpika pombe ya mbege huko Kibosho, Kilimanjaro, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye pipa lake. Ndizi mbivu zilichemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji, kisha vikachanganywa. Kazi hizo zote alituachia watoto kwa zamu, isipokuwa moja tu, ya magome ya msesewi. Aliyabandua mwenyewe, akayaanika mwenyewe, na siku ya kuyatia alipima kwa kiganja, sisi tukiwa tumenyamazishwa. Msesewi ni mchungu kama kwinini. Ukipungua, mbege inakuwa tamu ya kitoto. Ukizidi, wazee wanarudisha kata. "Utamu kila mtu anao kwenye migomba ya kihamba chake," alikuwa akisema. "Wanaokuja kwangu wanafuata uchungu."

Leo nina ekari mbili za hopi katika wilaya ya Madison, jimbo la New York, kati ya miji ya Syracuse na Utica. Hopi ni mmea unaopanda kamba na kuzaa maua ya kijani yaliyojikunja kama koni ndogo. Pasua ua moja kwa kucha utaona ndani yake ungaunga wa njano, unanata kama utomvu. Huo huitwa lupulini, na ndio unaoipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu yake, na kuisaidia isiharibike upesi. Mara ya kwanza nilipouonja kwa ncha ya ulimi nilisimama pale pale shambani. Nilikuwa nimerudi jikoni kwa mama.

Sikuja Marekani kulima. Nilikuja mwaka 1998, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, Syracuse: kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwapa dawa na kuwasikiliza. Mzee mmoja, mwenyeji wa Madison, alikuwa hapati usingizi na alipenda kunisimulia habari za babu yake. Alisema zamani, msimu wa kuchuma hopi ulipofika, watu walimiminika kutoka mijini kwa treni, na usiku, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, wakacheza dansi ghalani. Nilidhani ni ndoto za uzeeni, lakini ilikuwa kweli tupu. Shamba la kwanza la hopi la biashara wilayani humo lilianzishwa na James Coolidge mwaka 1808, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 hakuna jimbo la Marekani lililoifikia New York kwa zao hili. Baadaye ukaja ubwiri, wakaja vidukari, yakaja mashamba makubwa ya magharibi, na mwaka 1920 serikali ikapiga marufuku pombe nchi nzima. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, wakulima wa hapa walikuwa wameshageukia ng'ombe wa maziwa. Hopi za zamani zilibaki zikijiotea kwenye kuta za mawe na kandokando ya barabara, hazina mwenyewe.

Mwaka 2011 mimi na mume wangu, ambaye ni fundi wa magari, tulinunua nyumba mbovu yenye ekari saba. Nyuma yake palikuwa na msingi wa mawe wa jengo lililoanguka. Jirani akatuambia hapo ndipo walipokuwa wakikaushia hopi. Januari 2013 ikaanza kutumika sheria ya jimbo ya leseni ya viwanda vya bia vya shambani: aliyetaka leseni hiyo ilikuwa sharti angalau asilimia 20 ya hopi zake zitoke ndani ya New York, na kuanzia 2019 kiwango kingepanda hadi asilimia 60. Wapika bia walikuwa wanatafuta hopi, na wakulima wake hawapo. Mei ile tukapanda.

Nasema tukapanda kana kwamba ni kuchimba shimo na kufukia. Kabla ya shina la kwanza, zilisimamishwa nguzo za futi 22, futi nne ardhini na 18 juu, na juu yake tukavuta nyaya nene ambazo zikikatika zinaweza kumuua mtu. Safu zimeachana futi 14 ili trekta lipite, na shina na shina futi tatu na nusu. Hesabu yake ni kama mashina 890 kwa ekari. Akiba yetu yote iliishia kwenye nguzo na nyaya, tukakopa kwa ajili ya mabomba ya matone. Shina moja likitunzwa linaweza kudumu miaka 20 na zaidi, kwa hiyo kosa la kupanda linakaa nawe miaka hiyo yote. Tulichagua Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, na Chinook ya mwaka 1985. Aina zinazovuma sasa nyingi zina hakimiliki, na mkulima mdogo hapewi mbegu. Sijaona ubaya wa Cascade. Ina harufu ya ganda la balungi na maua, na ukiipanda vizuri haikutupi.

Kila shina tunalifungia kamba mbili kila mwaka, maana yake kamba zaidi ya 3,500, na kila moja inafungwa kwenye waya na mtu aliyesimama juu ya jukwaa la trekta. Kamba zenyewe ni za makumbi ya nazi, kutoka Sri Lanka. Fikiria hilo: nchi ya theluji, mmea wa Ulaya, na kinachoshikilia vyote ni makumbi, yale yale wanayofukia wanawake wa Zanzibar ufukweni. Mwanzoni mwa Mei machipukizi yanajaa chini kama majani ya maboga. Unachagua mawili matatu kwa kila kamba, mengine unayakata bila huruma, kisha unayazungusha kwenye kamba kufuata mwendo wa jua. Ukiyazungusha kinyume, kesho utayakuta yamejinasua. Yakishashika yanapanda mbio kiasi kwamba mwezi wa sita nimepima kamba moja asubuhi na kesho yake asubuhi, nikakuta imeongezeka karibu futi moja.

Mama alipoona picha kwenye simu ya mdogo wangu aliniomba kitu kimoja.

"Mwanangu, niletee vipando viwili nipande pale kwenye mfereji."

"Mama, vitaota lakini havitakupa kitu."

"Kwani udongo wetu una kasoro gani?"

"Udongo hauna kasoro. Ni jua."

Ikabidi nimweleze. Huku mwezi wa sita mchana una zaidi ya saa 15. Hopi inatumia mchana huo mrefu kupanda tu, na siku zinapoanza kufupika ndipo inapojua muda wa maua umefika. Halafu imezoea kulala wakati wa baridi kali. Kibosho mchana ni saa 12 mwaka mzima, na baridi ya Kilimanjaro kwa hopi ni kama hakuna. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kila mlima na msesewi wake."

Mwaka 2014 ndipo ubwiri unyoya ulipotushukia. Mvua ya masika ya huku ilikuwa nyingi, na machipukizi yakaanza kutoka mafupi, yamepauka, majani yamejikunja kwa chini kama vidole vya mgonjwa. Geuza jani, utaona ukungu wa kijivu. Mtaalamu wa kilimo kutoka Chuo Kikuu cha Cornell alikuja, akapiga goti, akaangalia majani kumi hivi, akatuagiza tung'oe kila chipukizi lenye dalili, tupukute majani yote ya chini hadi usawa wa kiuno ili upepo upite, na tupulizie dawa ya shaba. Nilipoona rangi ya dawa ile kwenye bomba la mgongoni nilimwona baba yangu kwenye shamba la kahawa, akipambana na kutu ya majani kwa mrututu, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko. Sikuhitaji kufundishwa namna ya kupulizia upande wa chini wa jani. Nilikuwa nimeshika tochi nikimmulikia tangu nina miaka tisa.

Lakini kazi ya hopi haiko shambani, iko kwenye kukausha. Hilo hakuniambia mtu, au waliniambia nami sikusikia.

Septemba 2015 tulipata mavuno yetu ya kwanza kamili. Ua la hopi likiwa tayari linakuwa jepesi, ukilibonyeza linarudi kama karatasi kavu, lakini bado lina maji karibu asilimia 80. Likiachwa kwenye gunia hivyo hivyo, ndani ya saa chache linajipasha moto lenyewe. Inatakiwa lishuke hadi asilimia nane, tisa, kumi basi, kwa moto usiozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Mimi sipendi hata kufika hapo. Moto mkali unafukuza mafuta yenye harufu, na harufu ndiyo mpika bia anayonunua. Tulikuwa tumejenga banda juu ya msingi ule wa zamani, wakulima wa tumbaku wa Tabora wangeliita bani: chanja za waya, feni chini, hewa ya moto inapanda. Nilitia mkono, nikabinya maua, yakachakarika. Nikasema yamekauka, tukayashindilia kwenye viroba.

Kumbe ua la hopi lina uti katikati, kijiti chembamba kama sindano, na petali hukauka kabla yake. Unashika ua, linakudanganya. Ndani ya kiroba ule uti uliendelea kutoa maji yake polepole, na yakasambaa. Siku ya nne mpika bia wa kwanza alifungua kiroba mbele yangu. Alichota konzi moja, akasugua viganja, akafunika pua, akafumba macho. Hakusema neno. Alinyoosha mikono yake nami nikanusa: majani yaliyooza, na kwa mbali harufu kama ya jibini. Kilo 160 zilitupwa kwenye samadi wiki ile. Nililia kwenye gari hadi Syracuse, nikaingia zamu ya usiku macho yamevimba.

Tangu hapo sikaushi kwa kubinya. Napima gramu 100 za maua mabichi, nayakausha kabisa kwenye tanuri dogo hadi uzito usishuke tena, nijue maji yake ni kiasi gani. Kama ni asilimia 80, basi kila kilo 100 nilizopandisha chanjani lazima zirudi takriban kilo 22. Zikirudi 25, hazijakauka, hata zikichakarika namna gani. Na ninavunja uti. Nachukua maua kutoka pembe zote za chanja, naparura petali, nakunja kile kijiti: kikijipinda, tunaendelea, na kikikatika kwa sauti, nazima moto. Hiyo sauti ni ndogo mno, inabidi feni isimame ndipo uisikie. Wakati wa mavuno naamka saa nane za usiku kwenda kuisikiliza.

Kuchuma ni kwa mashine. Tunatumia moja ya Kijerumani kwa ushirika na wakulima wenzetu wanne, inamaliza kamba nzima kwa nusu dakika hivi, wakati kwa mkono ni kama saa moja. Bado inahitaji watu wa kukata kamba, kupakia, na kupepeta majani. Wengi wanaokuja kutusaidia ni majirani kutoka Utica, wakimbizi waliopewa makazi huko, na shamba langu mwezi wa tisa linasema Kiswahili cha namna tatu. Mama mmoja wa Kivu alionja ua akakunja uso. "Dada, hii kitu iko chungu sana. Ni dawa ao ni nini?" Nikamwambia ni dawa ya bia. Kijana mmoja Mbantu kutoka Somalia aliposikia ni ya bia aliniomba radhi kwa adabu kubwa, kwamba dini yake hairuhusu. Nikamheshimu, nami nikampa kazi ya uzio upande wa mbuzi wetu. Amekuwa akija kila mwaka tangu hapo, na uzio wangu ndio mzuri kuliko wote barabarani.

Niliacha kazi ya usiku mwaka 2017. Machi 2020 baa na vyumba vya kuonjea bia vilifungwa kwa sababu ya korona, na wateja wangu sita wakabaki wawili. Nilikuwa na kilo 300 za vidonge vya hopi kwenye friza, zimefungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Zingekaushwa vibaya zisingefika mwaka wa pili. Zilifika, zikauzwa, mkopo wa mabomba ukaisha. Hopi za magharibi bado ni rahisi kuliko zangu, sitaki kumficha yeyote anayefikiria kuanza. Wanaonunua kwangu ni wale ambao wamekuja, wamesimama banini, wamesugua viganja vyao wenyewe.

Mwaka juzi nilikwenda Kibosho, nikabeba mfuko mmoja wa maua makavu ya Cascade. Mama ana miaka 84, hapiki tena. Nilikata mfuko, na kabla sijasema lolote akachota konzi, akasugua viganja, akanusa. Akatoa kijiti kimoja katikati ya petali, akakikunja mbele ya sikio lake. Kikakatika. Akaniangalia.

"Nani alikukaushia?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Akafuta mikono kwenye kanga, akamtuma mtoto akamletee kata.