Mswahili Mbele ya "Der", "Die" na "Das"

Imekuwa ada miongoni mwa wanafunzi wa isimu wa Afrika Mashariki kudhani kwamba mzungumzaji wa Kiswahili akienda kujifunza Kijerumani hatasumbuliwa na jinsia za kisarufi. Mtu aliyelelewa na ngeli zaidi ya kumi atashindwaje na tatu? Mwanafunzi mmoja wa uzamivu kutoka Tanga alisafiri na dhana hiyo hadi mji mmoja wa kusini mwa Ujerumani. Alikuwa na shahada ya pili ya isimu. Ngeli alizijua kwa namba zake, na alijua pia kwamba utaratibu wa kuzipa namba ulitokana na kazi za Wajerumani wawili, Wilhelm Bleek na baadaye Carl Meinhof. Alikuwa amepewa miezi sita afaulu mtihani wa lugha. Bila ya cheti hicho asingesajiliwa, na ufadhili wake ungekoma.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alifanya jaribio la mtihani huo, akarudishiwa insha yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Msamiati ulikuwa sahihi na hoja zilipangika vyema. Makosa karibu yote yaliangukia vibainishi, yaani yale maneno mafupi yanayoitangulia nomino: "der" kwa jinsia ya kiume, "die" kwa ya kike, na "das" kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike.

Alipoyachambua makosa yake kwa kalamu ya mwanaisimu, aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Sehemu kubwa hayakuwa makosa ya kuchagua kibainishi kisichofaa, bali ya kutoweka kibainishi chochote. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Kazi ya kuonyesha kwamba kitu kinajulikana hufanywa kwa njia nyingine, mathalani kiambishi cha yambwa: "nimeona kitabu" si sawa kabisa na "nimekiona kitabu". Daftari lake la msamiati lilithibitisha hayo. Lilikuwa na safu mbili tu: nomino ya Kijerumani ikiwa tupu, na maana yake. Mswahili hana haja ya kuandika ngeli ya "kijiko" au "kisu", kwa kuwa nomino hizo zimevaa ngeli zao mwilini. Nomino ya Kijerumani aghalabu huacha vazi lake nje, na anayeichukua bila vazi hilo amechukua nusu ya neno.

Katika jiko la pamoja la bweni alijaribu kutafuta mantiki. Kijiko ni "der Löffel", uma ni "die Gabel", kisu ni "das Messer": vyombo vitatu vya sahani moja, jinsia tatu. Aliwauliza wenzake wa Kijerumani sababu, wakamjibu kwamba ndivyo isemwavyo. Jibu hilo lilimuudhi, mpaka mmoja wao, aliyekuwa akisoma Kiswahili, alipomuuliza kwa nini "kalamu" na "nyumba" ni za ngeli moja ilhali "jembe" ni ya nyingine. (Walimu wetu wa sarufi, wanaopenda kutoa mifano ya "kiti" na "mti" peke yake, wana lawama yao hapa.) Nomino nyingi za ngeli ya 9 hazina kiambishi kinachosikika, mtoto wa Kiswahili huzijua kwa upatanisho, "kalamu hii", "nyumba yangu", si kwa umbo. Huko, na si kwenye "ki-" na "vi-", ndiko Kiswahili na Kijerumani zinakokutana.

Tangu hapo alianza kutamka kibainishi na nomino kama neno moja. Kiswahili chenyewe kiliwahi kufanya hivyo bila kufundishwa: katika "alasiri", "alfajiri" na "Alhamisi" tulikimeza kibainishi cha Kiarabu pamoja na nomino yake, na hakuna anayekihisi tena kooni. Viambishi tamati vilimsaidia pia: "-ung", "-heit" na "-schaft" ni vya kike, "-ismus" ni cha kiume.

Kiambishi cha udogo "-chen" kilimpa mfano uliomfurahisha zaidi. Huitia nomino yoyote katika jinsia ya tatu, na ndiyo maana "msichana" ni "das Mädchen". Mark Twain aliicheka hali hiyo mwaka 1880. Mswahili hana haki ya kucheka. Tunasema "rafiki yangu amekuja": kimilikishi kinafuata ngeli ya 9, kitenzi kinafuata ngeli ya watu. Mjerumani naye husema "das Mädchen", lakini sentensi ikisonga mbele, mara nyingi humrejelea msichana huyo kwa kiwakilishi cha kike, "sie". Greville Corbett, katika kitabu chake "Gender" cha mwaka 1991, ameonyesha kwamba kadiri neno linalopatana linavyokuwa mbali na nomino, ndivyo uwezekano wa maana kulishinda umbo unavyoongezeka. Kanuni hiyo mwanafunzi wetu alikuwa ameikariri kwa ajili ya mtihani wa shahada ya pili, aliielewa jikoni.

Ulibaki uhusika. Neno "shule" alitoka nalo nyumbani, urithi wa utawala wa Kijerumani, nalo huko ni "die Schule". Lakini aliposema yuko shuleni ilimbidi aseme "in der Schule", nomino ya kike ikiwa na kibainishi alichokizoea kwa wanaume. Na "in die Schule" ni kuingia, si kuwamo. Kwa majuma kadhaa aliona huo ni uonevu. Kisha alijisikia akisema katika simu na dada yake, "shule yangu" na papo hapo "shuleni kwangu". Mahali palikuwa pamebadilisha upatanisho, na yeye hakuwa amejiuliza kitu.

Alifaulu mtihani wa mwezi wa sita, si kwa alama za kujivunia. Makosa yaliyosalia yalikuwa hasa ya nomino za silabi moja, zile ambazo Klaus-Michael Köpcke alizichunguza mwaka 1982 na kukuta kwamba sauti zake huelekeza jinsia, ingawa kwa mwelekeo tu na si kwa sheria. Daftari jipya lina safu tatu.