Bendera ya Manjano

Msomaji, umwonapo mwalimu akishika chaki siku tano za juma, si rahisi kudhani kwamba siku ya sita mtu yuyo huyo huvaa kofia ngumu, buti ndefu na miwani ya kuzuia vumbi, akapanda pikipiki isiyo na taa wala honi, akashindana na wenzake katika njia ya udongo. Mimi ni mmoja wa watu hao. Silipwi kwa mchezo huu. Mimi ni mwanamichezo wa ridhaa, yaani nautumikia mchezo kwa gharama yangu mwenyewe, nao hunilipa kwa furaha, na pengine kwa maumivu ya mbavu. Nataka kukusimulia habari za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nilipokwenda mashindanoni mara ya kwanza na pikipiki mpya. Nilikwenda kutafuta ushindi. Nilichorudi nacho ni kitu kingine, na kwa ajili ya kitu hicho nimeshika kalamu.

Mchezo wenyewe huitwa motokrosi. Ulizaliwa Uingereza, na mashindano yaliyofanywa mwaka 1924 huko Camberley, katika jimbo la Surrey, huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wake. Njia ya mbio hizi si barabara. Ni duara ya udongo iliyofinyangwa kwa makusudi iwe na pembe kali, matuta na vilima vya kurukia. Mwendeshaji akifika kileleni kwa kasi, magurudumu yote mawili huiacha ardhi, naye huwa ndege kwa muda wa kupepesa macho. Lakini ndege huyu ana upungufu mmoja mkubwa: haoni mahali atakapotua mpaka awe amekwisha kuruka.

Kwa sababu hiyo, penye vilima huwekwa watu wenye bendera. Nyekundu husema simameni nyote. Ya buluu humwambia mtu kwamba aliye mbele yake kwa mzunguko mzima yuko nyuma yake, ampishe. Ya miraba nyeusi na nyeupe husema mbio zimekwisha. Na ya manjano ikipepea husema hivi: mwenzenu ameanguka mbele, punguza mwendo, usimpite mtu, wala usiruke. Katika bendera zote, hiyo ndiyo niiheshimuyo zaidi leo, kwa maana ndiyo jicho la mtu asiyeona.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikishindana kwa pikipiki kuukuu ya mapigo manne, chombo chenye subira kama punda wa maji. Kila niliposhindwa, nililaumu pikipiki. Nikaweka akiba, nikajinyima mengi, hata nikanunua pikipiki ya mapigo mawili yenye injini ya sisi 125. Injini ya mapigo manne hulipua petroli mara moja katika kila mizunguko yake miwili; ya mapigo mawili hulipua katika kila mzunguko. Ndiyo sababu injini ndogo ya namna hii huwa na nguvu kupita umbo lake. Tena nguvu hiyo haiji polepole. Hulala, hulala, kisha huamka ghafula kama punda aliyeumwa na nyuki. Mke wangu aliizunguka mara moja pale uani, akaniuliza, "Baba watoto, wewe umeinunua hii, ama hii imekununua wewe?" Nilicheka. Sikujua kwamba nitatakiwa kumjibu.

Mimi nafundisha pwani, na mashindano yalikuwa katika viunga vya Nairobi. Tuliipakia pikipiki katika pikapu ya kukodi, tukasafiri usiku kucha, mwendo wa kilomita 480 hivi. Jumamosi asubuhi, wakati wa mazoezi, chombo changu kilikohoa, kikatoa moshi mzito, kikakataa kwenda. Nilidhani nimeuziwa ubovu. Fundi mmoja, mzee mpole, akafungua plagi akanionyesha: ilikuwa nyeusi, imelowa. "Mwalimu," akaniambia, "umekuja na mapafu ya baharini." Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu moja katika sita imepungua. Kabureta iliyopimwa Mombasa hutia petroli ile ile katika hewa iliyo haba, injini ikasongwa na chakula. Mzee akatoa kijitundu cha shaba kipitishacho petroli, akatia kilicho chembamba zaidi. Pikipiki ikanguruma kwa sauti safi. Adhuhuri nilianguka mara mbili, kwa kuwa ilinitangulia katika pembe kabla sijawa tayari. Nilijipangusa vumbi, nikajisemea kwamba kesho nitaizoea.

Jumapili tulijipanga watu 17 nyuma ya kizuizi cha chuma. Kilipoanguka tu, tulitoka kama mchanga uliotupwa. Katika mzunguko wa nne nilikuwa wa tano, na katika maisha yangu yote sikuwa nimepata kuwa wa tano. Nyuma yangu nilisikia injini ya mtu anayenikaribia. Mbele yangu kilikuwapo kilima kikubwa kuliko vyote, na ubavuni mwake alisimama kijana mwembamba wa miaka 17 hivi, aliyekuja kusaidia kwa mara ya kwanza. Alikuwa akipepea bendera ya manjano kwa mikono miwili.

Niliiona. Nataka uelewe hivyo, msomaji. Niliiona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini ule muda mdogo uliohitajiwa ili niachie mafuta, niliutumia kuwaza juu ya mtu aliye nyuma yangu. Nao mkono wangu, badala ya kufunga, ulifungua. Pikipiki ikaamka. Nikiwa hewani nilimwona mwenzangu amelala chini kando ya pikipiki yake, mkono mmoja ameunyoosha mchangani. Sikuwa na la kufanya tena, kwa maana aliye hewani hana breki. Nilitua. Gurudumu langu la nyuma lilipita karibu na vidole vyake, umbali usiozidi shubiri.

Nilimaliza wa tano. Watu walinishika mkono, wakaisifu pikipiki.

Baadaye niliitwa hemani kwa mwamuzi. Yule aliyeanguka alikuwa amevunjika mfupa wa bega kwa anguko lake mwenyewe, na baba yake alitaka kujua kwa nini mtu aliruka juu ya mwanawe. Aliyekuwa akinifuata mbioni alisema aliiona bendera, walakini hakuweza kusema kama ilikuwa imeinuliwa kabla sijapita mimi. Mwamuzi akanigeukia kwa heshima. "Mwalimu, uliiona bendera?"

Nikajibu, "Vumbi lilikuwa jingi sana, mzee."

Maneno hayo yalikuwa kweli, kwa sababu vumbi lilikuwapo. Na yalikuwa uwongo, kwa sababu halikunizuia kuona. Nadhani uwongo mwingi wa watu wenye elimu ni wa namna hiyo: hujengwa kwa matofali ya kweli. Basi mwamuzi akamgeukia yule kijana. "Wewe, una hakika uliipeperusha kwa wakati?"

Kijana alitazama mikono yake. "Niliipeperusha," akasema. Kisha akanitazama mimi, mtu mzima, mwalimu, akatazama tena chini. "Labda nilichelewa."

Labda! Neno hilo nalijua vizuri. Nalisikia kila siku darasani kwa mtoto aliye na jibu sahihi, lakini amekwisha kuogopeshwa na sauti ya mkubwa. Nilitambua kwamba kijana yule alikuwa akianza kuyatilia mashaka macho yake mwenyewe ili yangu yapate kusitirika. Kama ningenyamaza dakika moja zaidi, angeondoka hapo akiamini kwamba alikaribia kuua mtu.

Nikasema, "Hakuchelewa. Niliiona. Nilikuwa naogopa kupitwa."

Hema lilinyamaza. Mwamuzi aliandika, akafuta nafasi yangu ya tano. Hilo lilikuwa jepesi. Baba wa majeruhi alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu ana vidole vyake kwa bahati, mwalimu, si kwa hisani yako." Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Yule kijana hakusema neno. Hakunishukuru, wala hakuwa na sababu ya kunishukuru. Aliikunja bendera yake, akarudi kilimani.

Mbio za pili nilizikimbia kwa uangalifu, nikamaliza wa kumi na moja. Katika kila mzunguko, kabla ya kilima kile, nilimtazama kijana kwanza, kisha njia. Mara moja aliipepea bendera kwa ajili ya mtu ambaye injini yake ilizimika tu. Niliachia mafuta, nikapanda kilima polepole, magurudumu yote mawili yakiwa ardhini, nikashuka upande wa pili polepole vile vile. Aliyekuwa nyuma yangu alinikaribia sana. Nilimwacha akaribie.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza habari za pikipiki. Nilimweleza yote, na mwishoni nikamjibu lile swali lake la uani: kwa muda wa kilima kimoja, ilikuwa imeninunua. Chombo kipya hakikunipa ujasiri nisiokuwa nao, wala hakikunitia uovu uliokuwa haumo ndani yangu. Kiliyaharakisha tu makosa yangu, yakafika kabla ya fikira. Punda wangu wa zamani alikuwa mwendo wa pole, na tamaa yangu ikipanda pamoja naye, nilipata nafasi ya kuishusha njiani.

Nawe, msomaji kijana, huenda usipande pikipiki ya mbio kamwe. Lakini siku moja utapewa kitu chenye nguvu kuliko ulivyozoea: cheo, fedha, kalamu ya kutia sahihi, au gari. Siku hiyo jifunze kukisimamisha kabla ya kujifunza kukikimbiza. Na ukiona bendera ya manjano, usihesabu walio nyuma yako.

Ama mimi, bado nashindana, na pikipiki ni ile ile. Lakini mwanafunzi akinijibu "labda", siendi tena mbio kumsahihisha. Husimama kwanza, nikajiuliza kama kosa ni lake ama ni la anayeuliza.